Palahala wa Ng'ambo ya Bonde

Kambini, porini Tabora
7 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, wala msihangaike kunipigia. Simu ilipoteza mtandao pale pale tulipoacha lami, na hapa kambini kuna redio moja tu ya meneja, ambayo haiwezi kutumika kuulizia kama mama amepona mafua. Kwa hiyo tutaandikiana kama ninyi zamani. Lori la posho huenda mjini kila wiki, na dereva wake, Malimi, ni mtu wa Misungwi. Amesema barua zangu atazikabidhi kwenye basi la Mwanza, na kutoka hapo zitavuka na kivuko mpaka Kamanga.

Sasa kazi. Meneja wetu anaitwa Nathaniel. Siku niliyofika aliwakusanya wapishi, madereva na wawindaji wote akasema, "Huyu ndiye Awuor Okech, bingwa wa taifa wa shabaha ya mita mia nane." Watu wakageuka wakanitazama kuanzia viatuni. Nadhani walitegemea mtu mrefu zaidi.

Siku hizi, anasema Nathaniel, wageni hawataki tena kunyata. Kwao huko hupiga mabamba ya chuma yaliyo mbali sana, kisha huja Afrika na bunduki zenye darubini ndefu kama mkono wangu, wakitaka kumpiga mnyama kutoka kilima kimoja hadi kingine. Wanachokosa ni mtu wa kuwasomea upepo. Kazi yangu ndiyo hiyo: kulala kando ya mgeni, kumwambia apandishe kiasi gani na asogeze kiasi gani, kisha kumwambia sasa. Msimu ukienda vizuri nitaandikiwa barua ya kufanyia mtihani wa mwindaji bingwa, unaompa mtu cheti cha kuongoza wageni mwenyewe. Wanawake wenye cheti hicho, Baba, hata vidole vya mkono mmoja hawajazi.

Nikisoma upepo huwa nakusikia ukisema, "Usitazame shabaha, tazama kilicho katikati yako na shabaha." Msalimie mama, na Dorcas aache kuvaa koti langu.

Mwanao,
Awuor


Kamanga
21 Julai 2024

Awuor, nyara, binti yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu: nyumbani, baada ya ibada, na gatini wakati watu wanasubiri kivuko. Hapo gatini nilisimama juu ya kreti la soda ili sauti ifike. Nilipofika mahali pa "bingwa wa taifa" nilirudia, maana kulikuwa na injini inaunguruma.

Nataka ujue umebeba nini. Miaka yangu yote polisi nilikuwa katika timu ya shabaha, na nilipostaafu wakanipa saa ya ukutani. Mita mia sita nilizimudu. Mia nane zilikuwa zinanicheka. Halafu wewe, niliyekulaza juu ya gunia ukiwa na sare ya shule, ukaenda ukazipiga mbele ya wanajeshi, ukarudi na kikombe ambacho mama yako hataki kukiweka maua. Sasa mzungu anavuka bahari na bunduki ya bei ya nyumba, na hawezi kufyatua mpaka binti wa Okech aseme sasa!

Modesta, yule muuza sangara mwenye mdomo, ameniuliza, "Lakini amepiga nini mpaka leo?" Kwa hiyo usiniandikie habari za wapishi. Niandikie umbali. Nipe namba ya kuwanyamazishia hawa.

Pumua, shusha, bana, fyatua.

Baba yako,
Sajenti (mstaafu) Obedi Okech


Kambini
4 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Namba yako ni hii: mita mia saba na kumi. Kongoni dume. Mgeni alilenga, mimi nikasoma upepo. Ulikuwa unatoka kushoto, mwepesi kwetu, mzito kidogo bondeni. Nikampa hesabu, nikasema sasa, na risasi ikafika. Tulimpata.

Wageni walinipigia makofi, na Nathaniel amesema wengine wawili wameshaomba niende nao. Ndio habari za huku. Nimechoka kidogo, ni vumbi tu.

Awuor


Kamanga
18 Agosti 2024

Binti yangu,

MIA SABA NA KUMI! Nimeiandika kwa chaki kwenye ubao wa kibanda cha tiketi, kando ya nauli za pikipiki, na karani ameahidi hataifuta. Modesta aliitazama, akatia mikono kiunoni, akasema, "Haya, Baba Awuor, leo umenishinda." Leo! Nilimchinjia mama yako jogoo yule mwekundu, akanuna kwa sababu alikuwa anamtunzia Krismasi, lakini alikula.

Barua yako imekuwa fupi. Nimewaeleza watu kuwa mpiga shabaha hodari hana maneno mengi. Ongeza umbali.

Baba


(Ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Dada Awuor, shikamoo,

Nimechomeka karatasi hii wakati baba anatafuta gundi. Nisamehe kama nakosea. Umeandika "tulimpata." Mnyama akianguka pale pale aliposimama, hatafutwi. Na kama hakuanguka, mlimtafuta kwa muda gani?

Baba neno hilo hakuliona. Anaona namba tu. Mimi sijamwambia, na sitamwambia. Ila wewe niambie, usibebe peke yako.

Koti lako silivai. Naliota tu.

Dorcas


Kamanga
29 Septemba 2024

Awuor,

Tangu niandike jina hili juu ya karatasi nimekaa nalo muda mrefu.

Malimi, yule dereva wenu, amekuja likizo kwao Misungwi. Alipita sokoni Mwanza akakutana na watu wa huku, na kabla hajamaliza soda yake habari ilikuwa imeshavuka ziwa. Kwamba umemharibia mgeni uwindaji wake. Kwamba mnyama alikuwa amesimama wazi, bunduki iko tayari, na wewe ukashindwa kusema neno, ukaruka juu kama mtu aliyeumwa na siafu. Kwamba umefukuzwa kambini.

Nilikuwa gatini niliposikia. Hakuna aliyenicheka usoni. Ingekuwa afadhali wacheke. Modesta alinipa kiti. Modesta! Nimekwenda kwenye ubao nikaifuta ile namba kwa mkono wangu.

Simu yako inaita, hupokei. Siwezi kuamini kuwa mtu niliyemfundisha mimi ameingiwa na tetemeko la mkono mbele ya mnyama. Lakini hata wanaume wakubwa limewakuta. Mimi si mtu wa kumtupa mtoto. Nataka neno moja tu kutoka kwako, usinifiche kwa huruma: uliogopa?

Baba


Tabora mjini
6 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeona simu zako. Hapa mtandao upo. Sikupokea kwa sababu ungeniuliza hilo swali kwa sauti, mimi ningelia, na wewe ungechukua kile kilio kuwa ndiyo jibu, usingesikia yaliyobaki. Karatasi haikatizi mtu.

Jibu ni hapana. Lakini nianze na kongoni, maana hapo ndipo nilipokuficha.

Hesabu yangu siku ile ilikuwa sahihi. Nimeirudia kichwani mara nyingi sana, sikuti kosa. Ila mita mia saba, Baba, risasi inatumia zaidi ya sekunde moja kufika. Kule uwanjani sekunde ile ni yangu, karatasi inanisubiri. Kongoni hakujua kuwa anapaswa kunisubiri. Mgeni alipofyatua, mnyama alikuwa ametulia kabisa. Risasi ikiwa njiani, akapiga hatua moja kufuata jani. Hatua moja. Iliyokuwa ya moyo ikampata tumboni.

Tulifuata damu jioni yote mpaka giza likatufukuza. Mgeni alikwenda kuoga. Asubuhi mimi na Kashindye, mfuatiliaji wetu wa nyayo, tukaendelea. Adhuhuri tukamkuta chini ya mti, bado amesimama, miguu ameitanua ili asianguke. Alitutazama tukija, hakukimbia. Nilimmaliza kutoka hatua chache tu. Tuliporudi ndipo nikapigiwa makofi, na ndipo nikakuandikia "tulimpata." Dorcas aliliona lile neno. Usimgombeze.

Nilimwomba Nathaniel turudi kwenye kunyata. Akasema, "Bahati mbaya moja isikuvunje moyo, bingwa." Wageni wawili waliofuata walikubali kutembea, kwa hiyo nikanyamaza. Kisha akaja huyu wa Septemba.

Huyu alikuwa mpigaji kweli, sikunyimi ukweli. Alimtaka palahala dume, na ampige kutoka zaidi ya mita mia nane, awaonyeshe rafiki zake video. Siku ya nne tukamwona. Baba, sijui kama umewahi kumwona palahala mzee karibu. Mweusi kama sufuria ya mkaa, tumbo jeupe, pembe zimejipinda nyuma mpaka karibu ya mgongo. Alikuwa ng'ambo ya bonde, peke yake, anakula. Chombo cha kupimia kikasema mia nane na arobaini.

Mgeni akalala chini, akaweka bunduki sawa. "Nipe upepo," akasema.

Nikamwambia, "Upepo uko usoni kwetu. Kuna korongo hapa chini, litatufikisha mita mia mbili kutoka kwake, labda pungufu. Twende kwa miguu."

"Nimekuja kupiga mbali. Kutembea natembea kwetu."

"Ng'ambo ile majani yanalala kulia, hapa kwetu yanakuja usoni, na katikati ya bonde hakuna kitu cha kuniambia chochote. Siwezi kukupa hesabu nisiyoiamini."

"Wewe si bingwa?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nakuambia."

Meneja akaitwa kwa redio ndogo tunayotembea nayo porini. Nathaniel akasema kwa Kiswahili, taratibu kama anayembembeleza mtoto, "Awuor, mpe tu namba. Akikosa ni juu yake."

Nikamjibu, "Akikosa kabisa, sawa. Ninachohofia ni akikosa nusu."

Mgeni alikuwa ameshachoka na sisi. Akakadiria mwenyewe, akazungusha darubini, akaweka shavu kwenye kitako cha bunduki. Niliona bega lake likishuka. Anaanza kutoa pumzi. Unaijua ile pumzi. Umenifundisha wewe.

Basi nikasimama. Niliruka pembeni, mbali na mtutu, nikatoka kwenye majani mpaka mahali peupe, nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote.

Palahala akainua kichwa. Alitutazama kidogo, kama mwenye shamba anayetaka kujua ni nani hao wanapiga kelele, kisha akaondoka. Hakukimbia hata, alitembea akaingia msituni. Mgeni alisema maneno ambayo siwezi kukuandikia.

Jioni ile mezani akasema mbele ya wote kuwa mimi ni bingwa wa karatasi, kwamba nimejua siwezi nikatafuta njia ya kujificha. Hilo, Baba, nilishindwa kulimeza. Pengine ningelimeza kama ningekuwa mtoto wa mtu mwingine. Asubuhi nilimwomba Kashindye anitafutie sinia la bati la jikoni, ambalo upana wake ni kama pale penye moyo na mapafu ya palahala. Tukalitundika ng'ambo ya bonde lile lile, umbali ule ule. Nikamwambia mgeni, "Bunduki yako, risasi tano kila mmoja."

Akapiga yeye kwanza. Mbili ziligonga, tatu zikatimua vumbi.

Nikalala. Ya kwanza ikalia, ngaa! Sauti inachelewa kurudi, unaihesabu kwenye koo. Ya pili ikalia. Ya tatu. Ya nne. Wapishi walikuwa wamepanda juu ya gari wanashangilia. Ya tano niliifyatua nikiwa na hakika nayo kama zile nne. Haikulia. Upepo wa katikati ulikuwa umegeuka bila kuniaga, ikapita kushoto kwa kiganja kimoja.

Wote wakapiga makofi kwa zile nne. Mimi nikamgeukia mgeni nikamwambia, "Hiyo ya tano, kwa palahala, ni tumbo."

Alivua kofia, akajifuta jasho. Nafikiri alielewa. Lakini malalamiko yake alikuwa ameshayatuma, na mchana Nathaniel akaniita. Alisema, "Kampuni haiwezi kumlipa mtu anayempigia mnyama makofi." Mtihani wa mwindaji bingwa ndio umekwenda hivyo. Barua yao sitaipata.

Baba, uliniuliza neno moja na mimi nimekupa mengi. Mkono haukutetemeka. Hata sasa nikikaa kitandani kwa mama mmoja aliyenipa chumba hapa mjini, nautazama, umetulia. Sijutii. Kinachoniuma ni ule ubao wa tiketi, na wewe kupewa kiti na Modesta. Nitakuja Jumamosi tarehe kumi na tisa. Nitapanda kivuko cha mwisho, watu wakiwa wameshaondoka gatini, ili usilazimike kunipokea mbele yao.

Mwanao,
Awuor


Kamanga
13 Oktoba 2024

Nyara,

Marahaba, na marahaba tena kwa zile salamu ulizonipa nikiwa sijastahili.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamalizia nimekaa. Hapo kwa kongoni nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia mgeni, nikatoka nje nikazunguka nyumba mpaka mbwa akanifuata akidhani tunakwenda mahali. Miaka yote ile mimi nimepiga karatasi, mbao na chupa. Hakuna hata kimoja kilichowahi kupiga hatua. Sikuwahi kuiwaza ile sekunde. Mimi mwalimu wako, sikuiwaza.

Mama yako alikuwa anachambua mchele. Nikamsomea yote. Nilipofika mahali pa kusimama na kupiga makofi, aliacha ungo, akasema, "Wewe ulimfundisha kupiga. Nani alimfundisha kuacha?"

Nikamwambia, "Evelina, mimi nilidhani ni wewe."

Akasema si yeye. Tukatazamana. Dorcas akasema si yeye pia, ingawa hakuna aliyemwuliza. Kwa hiyo hilo, Awuor, hukulirithi kwa mtu. Umelitoa mwenyewe. Nimekuwa nikijivunia kwako vitu ambavyo nusu yake ni vyangu. Hiki hakina hata robo yangu, na kimenijaza kifua kuliko kile kikombe.

Jana nikavaa koti langu la timu, lile la bluu. Kifungo cha tumboni hakifungi tena, nikakiacha. Nikaenda gatini saa ambayo kivuko kinasubiriwa na watu ni wengi. Nikapanda juu ya kreti. Modesta akainuka anipe kiti, nikamwambia, "Kaa, mama, leo nasimama." Nikawasomea barua nzima. Sikuruka kongoni. Sikuruka ya tano. Nilipofika kwa lile sinia, vijana wa pikipiki wakaanza kuhesabu pamoja nami, moja, mbili, tatu, nne, na ya tano ilipokosa wakashika vichwa kama mpira umegonga mwamba.

Modesta, unamjua, akauliza, "Kwa hiyo, Baba Awuor, amefukuzwa?"

"Amefukuzwa."

"Kwa sababu hakupiga."

"Kwa sababu alijua kupiga kuliko wote waliokuwa pale."

Akafikiri. Kisu chake kilikuwa mkononi, magamba yamejaa mpaka kwenye kiwiko. Akauliza, "Na huyo mnyama?"

"Yupo. Anakula majani."

"Basi," akasema, akarudi kwa samaki wake. Kwa Modesta hiyo ni hotuba. Baadaye karani aliniletea chaki niandike namba mpya. Nimemwambia ubao abaki nao, auandikie nauli.

Kuhusu cheti, usiongee kama mtu aliyezikwa. Kampuni ile si pori lote. Wapo wanaowinda kwa kunyata, na wao pia wanahitaji mtu mwenye jicho, tutawaandikia pamoja. Mashindano ya taifa ni Machi, na ng'ambo ya pili, Mwanza, kwenye uwanja wa shabaha, wananiuliza kila nikipita kama utatetea kikombe. Nimewajibu kwa niaba yako. Karatasi hazina tumbo, nyara, zipige utakavyo.

Na kama mwalimu nina neno moja, usikasirike: ile ya tano uliharakisha. Watu walikuwa wanashangilia, ukataka kumaliza. Ungesubiri, yale majani ya chini yangekuambia. Utabisha. Njoo ubishe ukiwa hapa.

Lakini hilo la kivuko cha mwisho silitaki kulisikia tena. Mwizi ndiye anayeshuka gizani. Panda cha mchana, Jumamosi, kile kinachojaa. Simama mbele, upande wa mlango, usijifunike kitenge usoni. Nataka kikikaribia gati watu wote wakuone kabla hakijafungwa kamba.

Baba yako,
Obedi Okech